Kukimbia kwenye theluji: panga kwa ajili ya dakika utakayosimama

Kila mtu anayetaka kukimbia nje majira ya baridi huanza na swali lile lile: ikifika nyuzi ngapi nibaki ndani? Tutafika huko, ila namba ya kipimajoto peke yake haisemi mengi. Mwili unaokimbia unajipasha wenyewe. Mtu wa kilo 70 anayekwenda kilomita 10 kwa saa anatumia nishati ya wati 800 hadi 900 hivi, na sehemu kubwa ya hiyo hutoka kama joto. Akisimama, anashuka hadi wati 100 na ushei. Nguo ni zile zile, upepo ni ule ule, ila joto limebaki sehemu ya nane tu, tena fulana ya ndani imeshaloa jasho.

Taabu huanzia hapo, mbio zinapokatika bila kupangwa. Kifundo kimeteguka, njia imepotea, pumzi imekata umeanza kutembea. Kwa hiyo nguo, njia na vilivyomo mfukoni vyote vipimwe kwa swali moja: nikilazimika kusimama sasa hivi, nitachukua dakika ngapi kabla ya kuanza kutetemeka, na je, zinatosha kunifikisha mahali penye joto?

Baridi kavu huwa haina makosa sana. Matukio mabaya yanayokumbukwa kwenye mbio ndefu yalitokea juu ya sifuri. Tarehe 16 Aprili 2018, Boston Marathon ilikimbiwa kwenye mvua na upepo mkali wa mbisho, yaani unaovuma kutoka mbele, joto likiwa nyuzi chache tu. Wakimbiaji wengi wa daraja la juu waliacha njiani. Bingwa mtetezi, Geoffrey Kirui wa Kenya, aliongoza hadi karibu na mwisho, kisha miguu ikamgomea akapitwa na Yuki Kawauchi wa Japani, aliyeshinda kwa saa 2:15:58. Kirui alifika wa pili kwa 2:18:23. Tarehe 22 Mei 2021 ilikuwa mbaya zaidi: kwenye mbio za kilomita 100 za milimani katika mkoa wa Gansu, China, wakimbiaji 21 walikufa baada ya mvua ya baridi, mvua ya mawe na upepo kuwakuta wamevaa nguo nyepesi. Ulikuwa mwezi wa Mei.

Kwa hiyo nyuzi 12 chini ya sifuri, pakiwa pakavu na shwari, theluji ikilia chini ya kiatu, naihesabu kuwa siku nzuri ya mazoezi. Nyuzi 2 juu ya sifuri, mvua ikiwa imechanganyika na theluji na upepo ukivuma, ndiyo siku ya kufikiri mara mbili.

Hesabu ya upepo

Tuseme ni nyuzi 10 chini ya sifuri (vipimo vyote hapa ni vya Selsiasi) na upepo ni kilomita 20 kwa saa. Ukiukimbilia uso kwa uso kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, hewa inakupiga kwa kilomita 30. Kwa fomula inayotumika Kanada na Marekani tangu 2001, ngozi iliyo wazi inapoa kana kwamba ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Geuka, upepo uwe mgongoni: hewa inayokupita ni kilomita 10 tu, na kipimo kinarudi kwenye 15 chini ya sifuri. Hayo ni makadirio, kwa sababu upepo wa taarifa za hali ya hewa hupimwa mita 10 juu ya ardhi, na huku chini miti na majengo huupunguza. Lakini tofauti ya kwenda na kurudi ni ya kweli na utaihisi usoni.

Ndiyo maana unaanza kwa kuuelekea upepo ukiwa bado mkavu, na unarudi nao mgongoni ukiwa umeloa. Anayefanya kinyume huondoka akifurahia, anatoka jasho jingi kwa sababu hapozwi na kitu, halafu akigeuka anapokea upepo wote kwenye fulana iliyoloa, kilomita 5 kutoka nyumbani. Ni kosa la kawaida kuliko yote, na halihitaji hata senti moja kulirekebisha.

Njia ya mzunguko mfupi inayopita karibu na mlango mara kadhaa ni bora kuliko kwenda mbali na kurudi. Inachosha akili, nakubali, ila kila baada ya robo saa una nafasi ya kubadili glavu au kuacha.

Sasa ule mpaka. Kipimo cha upepo na baridi kwa pamoja kikishuka chini ya nyuzi 27 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30, na kadiri kinavyoendelea kushuka ndivyo dakika zinavyopungua. Shirikisho la kimataifa la kuteleza kwenye theluji, FIS, huahirisha au kufuta mbio za ski za masafa pale hewa inapokuwa baridi zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri katika sehemu yenye baridi kuliko zote kwenye njia. Hao ni watu waliozaliwa kwenye theluji. Asiye na uzoefu asione aibu kuishia kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri.

Nguo: uondoke ukisikia baridi

Vaa kana kwamba nje kuna joto la nyuzi 10 zaidi ya lililopo. Ukitoka mlangoni usikie baridi kidogo, na baridi hiyo iishe baada ya dakika 8 hadi 10. Ukijisikia vizuri tangu hatua ya kwanza, umevaa kupita kiasi na baada ya kilomita 2 utakuwa umeloa.

Kati ya sifuri na nyuzi 5, fulana moja ya mikono mirefu, taiti na glavu nyembamba zinawatosha wengi. Kutoka sifuri kushuka hadi 10 chini, ongeza jaketi jepesi la kuzuia upepo na kofia inayofunika masikio. Chini ya hapo panahitaji tabaka tatu juu: fulana inayogusa ngozi, sweta jepesi lenye manyoya kwa ndani, na jaketi la upepo. Chini, taiti nene, au taiti mbili, na bora zaidi ile yenye kitambaa cha kuzuia upepo mbele ya mapaja.

Fulana ya ndani ndiyo inayobeba kazi. Isiwe ya pamba. Pamba hunyonya jasho na kulishikilia palepale kwenye ngozi, na maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa. Poliesta hukauka haraka ila hunuka upesi. Sufu ya merino hukauka polepole, lakini hata ikiwa na unyevu bado inatunza joto, na kwa mbio za zaidi ya saa moja ningechagua hiyo. Iwe ya kubana. Ikipwaya, jasho halivutwi, linatiririka tu.

Jaketi lisilopitisha maji kabisa si la baridi kavu. Linafungia mvuke, mvuke unagandia ndani, na ukilivua unakuta vumbi jeupe la barafu kwenye bitana. Ukiona hivyo, nguo ilikuwa nyingi au zipu ilibaki imefungwa. Zipu ni kifaa cha kuchezea muda wote: ifungue chini ya mlima kabla hujaanza kupanda, ifunge kileleni kabla ya kuteremka. Wengi hufungua wakiwa wameshaloa, na wakati huo kinachoingia ni baridi tu.

Vidole hupenda kukaa pamoja. Glavu za mfuko, zile ambazo vidole vinne vinashiriki chumba kimoja, zina joto kuliko za vidole vitano za unene ule ule. Zivae ndani ya nyumba mikono ikiwa bado na joto, kwa sababu glavu haitengenezi joto, inalitunza tu. Wenye vidole vinavyogeuka vyeupe upesi wanaweza kutia vifuko vya kupashia mikono. Vile vya unga wa chuma hufanya kazi kwa hewa ya oksijeni, kwa hiyo vifungue dakika 15 kabla ya kutoka na usivibane sana.

Lile neno kwamba nusu ya joto la mwili hupotelea kichwani si kweli. Kichwa ni karibu sehemu ya kumi tu ya ngozi yote. Kofia inavaliwa kwa ajili ya masikio, ambayo ni membamba na huganda mapema. Pua na mashavu vinafuata. Mafuta ya mgando usoni yanazuia ngozi kupasuka, lakini hayazuii kuganda, na yanaweza kukupa imani isiyo na msingi. Kinachokinga ni kitambaa.

Na lisemwe wazi, maana watu huona haya kulisema: wanaume wanahitaji chupi au bukta yenye kitambaa cha kuzuia upepo mbele. Taiti peke yake kwenye upepo wa mbisho haitoshi, na maumivu ya kurudiwa na damu huko hayasahauliki. Kwa wanawake, sidiria ya michezo ndiyo nguo inayokaa na maji kuliko zote, na ndiyo ya kwanza kuvuliwa ukifika.

Miguu na kushika njia

Hapa ndipo pesa na akili vinapotakiwa kwenda zaidi, kwa sababu kuanguka huumiza watu wengi kuliko baridi yenyewe.

Theluji si kitu kimoja. Ile mpya, nyepesi, yenye kina cha sentimita 3 au 4, ni rahisi: kiatu chochote chenye soli ya meno kinatosha. Theluji iliyoshindiliwa na magari na miguu inahitaji meno marefu na mpira laini. Mpira wa kawaida hukakamaa kwenye baridi, na sponji ya soli ya kati nayo huwa ngumu. Kiatu kilichoachwa usiku kucha kwenye buti la gari asubuhi kina mguso mwingine kabisa. Kiweke ndani. Theluji iliyoyeyuka nusu, ile rojorojo ya kando ya barabara, hailetei mtu kuteleza sana kama inavyomletea soksi zilizojaa maji ya nyuzi sifuri. Na barafu tupu inahitaji chuma. Hakuna mpira unaoiweza.

Barafu mbaya zaidi ni ile iliyo karibu na sifuri, yenye ute wa maji juu yake. Barafu ya nyuzi 15 chini ya sifuri ni ngumu na kavu, na ina msuguano zaidi kidogo. Kwa hiyo usishangae ukiona siku ya baridi kali inakimbilika kuliko siku ya joto la alasiri.

Chuma kinapatikana kwa njia tatu. Ya kwanza ni viatu vilivyotengenezwa na vijino vya kabidi (mchanganyiko mgumu sana wa metali na kaboni) kwenye soli. Ni ghali, lakini kabidi haiishi upesi hata ikigusa lami. Ya pili ni vile vya kuvalisha juu ya kiatu, mpira unaovutika wenye springi au vijino chini. Springi zinafaa kwenye theluji iliyoshindiliwa, kwenye barafu ngumu hazishiki. Hapo chagua vijino. Tatizo la aina hii ni mpira wenyewe: ukizeeka unakatika kwenye baridi, na kwenye theluji ya kina unavutwa pembeni hadi kijino kinakaa ubavuni mwa kiatu. Chagua chenye mkanda wa kufunga juu ya mguu.

Njia ya tatu ni ya mafundi wa nyumbani na ndiyo ninayoipenda: skrubu. Chukua viatu vya zamani ambavyo soli bado ni nene, na skrubu fupi za kufungia bati zenye kichwa cha pembe sita, zisizo na washa ya mpira. Urefu wa milimita 9 au 10 unatosha. Milimita 13 ni kwa soli nene sana tu. Zipige kwenye vile vitalu vya mpira pembezoni mwa soli, 7 au 8 sehemu ya mbele na 4 au 5 kisiginoni. Katikati ya unyayo acha, na chini ya kifundo cha dole gumba pia acha, kwa sababu soli hapo ni nyembamba na uzito wote hupita hapo. Tumia bisibisi au keekee ya mwendo wa polepole. Ukiikaza kupita kiasi, uzi unakata mpira na skrubu inazunguka bure. Hiyo itoe, uipige sentimita 1 pembeni, kwa sababu ukiiacha itaanguka siku ya kwanza. Kinachoshika barafu ni kingo za kichwa kilichobaki nje, kwa hiyo kisizame kwenye mpira.

Ukimaliza, ingiza mkono ndani ya kiatu na upapase unyayo wote ukiwa umebonyeza kwa nguvu. Ncha isiyosikika kwa mkono mtulivu itasikika kwa uzito wa mwili mzima. Viatu vyenye mifuko ya hewa au bamba la kaboni ndani ya soli visipigwe skrubu kabisa. Lami husaga vichwa, basi vikague kila baada ya mbio chache na ubadilishe vilivyokuwa laini. Na jambo ambalo haliandikwi kwenye paketi: chuma kwenye sakafu ya vigae iliyoloa huteleza vibaya kuliko kilivyokusudiwa kuzuia. Vaa mlangoni, vua mlangoni.

Soksi ziwe moja moja, za sufu nyembamba au za unene wa wastani, ndefu kiasi cha kufunika vifundo vilivyo wazi chini ya taiti. Mbili nene ndani ya kiatu kile kile hubana, damu haifiki, vidole vinapoa zaidi. Kiatu chenye utando wa kuzuia maji ni kizuri kwenye rojorojo ya chini ya sentimita 5. Ikiingia kwa juu, maji hayatoki tena. Kwenye theluji ya kina, kinachosaidia ni kifuniko cha kitambaa kinachoziba mwanya kati ya kiatu na mguu.

Ujue pia barafu inapokaa. Madaraja huganda kabla ya barabara kwa sababu hewa baridi hupita juu na chini. Kivuli cha majengo hubaki na barafu wiki nzima. Chini ya mabomba ya paa, maji ya mchana huganda jioni. Kwenye vituo vya basi na kwenye taa za barabarani, magurudumu hung'arisha theluji hadi inakuwa kioo. Chumvi ya barabarani hufanya kazi vizuri hadi nyuzi 9 hivi chini ya sifuri. Zaidi ya hapo inasuasua, na kilichomwagwa huenda ni mchanga tu. Theluji mpya iliyolala juu ya barafu ya jana ndiyo mtego mkubwa, kwa hiyo siku kama hiyo pita njia uliyoipita jana, ambayo unajua ilikuwa na nini.

Maziwa na mito iliyoganda waachie wanaopima unene. Sentimita 10 za barafu angavu ndicho kiwango kinachotajwa kwa mtu mmoja, lakini barafu nyeupe yenye theluji ndani ni dhaifu zaidi, theluji iliyo juu huizuia kuwa nene, na mto unaotembea chini yake huila kwa ndani.

Namna ya kupiga hatua

Mwenda pole hajikwai, wanasema. Kwenye barafu hata mwenda pole huanguka akitupa mguu mbali mbele. Kisigino kinachotua mbele ya mwili ndicho kinachotangulia kuondoka. Fupisha hatua, ziwe nyingi, mguu utue chini ya nyonga na unyayo karibu wote uguse kwa pamoja. Magoti yawe yamelegea kidogo, viwiko vitoke nje zaidi ya kawaida. Usisukume kwa nguvu na vidole. Nguvu hiyo inapotea kwenye theluji na inachosha vigimbi na kano ya kisigino. Kona ziingie ukiwa umeshapunguza mwendo, kwa hatua tatu nne ndogo badala ya kugeuka kwa mguu mmoja. Ukikuta barafu ghafla, usifunge breki. Pita nayo moja kwa moja, usikaze, usigeuke.

Theluji isiyokanyagwa pembeni mwa njia mara nyingi inashika kuliko mfereji uliolainishwa katikati. Angalia mita 3 hadi 5 mbele, si vidole vyako.

Saa yako ya kukimbilia itakudanganya. Kwenye theluji laini mwendo unaweza kushuka kwa dakika moja au zaidi kwa kilomita huku moyo ukipiga vile vile. Pima kwa dakika na kwa juhudi, sahau kilomita. Mbio za kasi za vipindi zipeleke ndani, au zibadilishe ziwe vilima vifupi mahali palipokwanguliwa. Misuli ya kinena na ya nyonga ndiyo itakayolalamika siku za mwanzo, kwa sababu inafanya kazi ya kuzuia mguu usitambae pembeni. Ongeza muda kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu. Na ujipashe ndani kabla ya kutoka, dakika 5 za kupanda ngazi au kuchuchumaa zinatosha, mradi jasho lisianze.

Pumzi

Mapafu hayagandi. Hewa hupashwa puani, mdomoni na kooni kabla ya kufika chini. Shida ni ukavu: hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri inabeba gramu 2 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo, wakati ile iliyo ndani ya mapafu inahitaji karibu gramu 44. Tofauti hiyo inatolewa na njia zako za hewa, nazo hukauka na kuwashwa. Ndiyo sababu ya kikohozi baada ya mbio kali za baridi, na kwa wengine kifua hubana na kutoa mlio.

Skafu ya mrija juu ya mdomo hurudisha sehemu ya unyevu na joto. Baada ya nusu saa itakuwa imeloa na kuganda mbele, basi izungushe upate upande mkavu, au beba ya pili. Mwenye pumu atumie kipulizia chake kabla ya kutoka kama daktari alivyomwelekeza, akibebe karibu na mwili, na ajipashe kwa muda mrefu zaidi.

Giza, magari, betri na maji

Kwenye barafu gari linaweza kuhitaji umbali mara kumi ya kawaida ili lisimame. Dereva amekwangua tundu dogo kwenye kioo, na kingo za theluji zimekubana barabarani. Usitegemee akuone, na hata akikuona usitegemee aweze kusimama. Kimbia ukiyatazama magari yanayokuja, vaa kizibao chenye mistari inayoakisi mwanga, na kama unasikia gari la kukwangua theluji, toka barabarani kabisa hadi lipite. Nguo nyeupe ziache kabatini.

Theluji inapoanguka, tochi ya kichwani inaangaza vipande vilivyo mbele ya macho tu. Ishushe kiunoni au ishike mkononi. Mwanga ukitoka chini, mashimo yanajichora kwa vivuli. Mchana wa jua nako kuna lake: theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 hivi ya miale inayounguza, kwa hiyo miwani ya jua na losheni vina kazi hata kukiwa na baridi kali, pamoja na chini ya kidevu na ndani ya pua.

Simu ikae ndani ya jaketi la kwanza, karibu na mwili. Betri ya lithiamu hupungua nguvu kwenye baridi, na simu iliyoonyesha asilimia 40 huweza kuzima ghafla, hasa unapoihitaji ukiwa umesimama. Ukirudi usiichaji papo hapo. Ngoja ipate joto la chumba, kwa sababu kuichaji ikiwa chini ya sifuri huiharibu kwa ndani. Pamoja na simu weka jaketi jepesi la ziada lililokunjwa, glavu kavu, na ile blanketi nyembamba ya kung'aa ya dharura, ambayo ni nyepesi sana.

Kiu hupungua kwenye baridi, lakini jasho bado linatoka. Kwa mbio zinazozidi saa moja beba maji ya uvuguvugu, chupa ikiwa imegeuzwa juu chini. Maji huanza kugandia juu, hivyo upande wa kifuniko unabaki wazi. Mrija wa mfuko wa mgongoni utaganda. Ukinywa, pulizia maji yarudi mfukoni.

Ukifika, na dalili za kutazama

Usisimame nje kunyoosha misuli. Ingia, vua vyote vya juu ndani ya dakika 5, vaa kavu, kunywa cha moto. Mwili huendelea kupoa kwa muda hata ukiwa ndani. Viatu toa soli ya ndani, vijaze magazeti, badilisha magazeti baada ya saa moja, na viwe mbali na hita. Joto kali hulegeza gundi na kuua sponji. Vikiwa na chumvi, vifute kwa kitambaa cha maji kwanza.

Kutetemeka ni onyo la mapema na bado kuna muda. Mwenzako akianza kujikwaa, kutamka maneno kwa kuvuta, kushindwa kufunga zipu au kukasirika bila sababu, mbio zimekwisha. Joto la ndani linashuka, na likiwa chini ya nyuzi 35 hiyo ni haipothemia. Mtu aliyeacha kutetemeka huku bado ana baridi yuko hatarini zaidi ya yule anayetetemeka. Mtoe kwenye upepo, mvue vilivyoloa, mfunike hadi kichwani, na ita msaada.

Ngozi iliyogeuka nyeupe na kufa ganzi, hasa ncha ya pua, masikio na vidole, ipashwe mara moja kwa kiganja kikavu au kwapani. Rangi ikirudi pamoja na maumivu ya kuchoma, umewahi. Usisugue, na usiiguse kwa theluji kabisa, kwa sababu nyama iliyoganda hukatwa na barafu iliyomo ndani yake. Ikiwa imekuwa ngumu, usiipashe kama kuna uwezekano wa kuganda tena njiani. Ukifika ndani tumia maji ya nyuzi 37 hadi 39, yapimwe na mtu mwingine au kwa kiwiko, kwa dakika 30 hivi. Moto na hita havifai, maana sehemu iliyokufa ganzi haijui inaungua. Malengelenge, au ngozi iliyobaki nyeupe na ngumu baada ya hapo, ni ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.